Birika Katika Bendi ya Baba

Wakati wetu barua zilikuwa zinakohoa. Wenzangu wa rika langu, hasa mliokuwa na mtu wenu ng'ambo, mnajua ninachosema. Bibi yangu hakujua kusoma, na alikuwa amechoka kusomewa salamu na mtoto wa jirani anayekwama kwenye kila neno refu. Kwa hiyo mtu aliye mbali alinunua kanda, akakaa mbele ya redio kaseti, akasema yote aliyonayo moyoni, kisha akamtafuta msafiri wa kuaminika akamkabidhi mkononi. Barua ya namna hiyo ikifika ilikuja na pumzi za mtu, na mafua yake, na mlango wa chumba chake unavyolia ukifunguliwa.

Siku hizi ninaishi Thamesmead, pembezoni mwa Landani, nimestaafu unesi, na kijana wangu Idris hunitumia ujumbe wa sauti kutoka chumba cha pili kuniuliza kama wali umeiva. Mwanzoni nilikuwa namgombeza. Sasa nami namjibu kwa ujumbe wa sauti, maana nimeshashindwa. Lakini ujumbe wake hauna kikohozi. Anasema neno lake haraka haraka, anakata, anaendelea na mambo yake.

Baba yetu alikuwa fundi wa winchi bandarini Tanga. Kazini wakampeleka Landani kujifunza mashine mpya, na kutoka huko akatuletea kanda moja. Nasema moja kwa sababu hakuna nyingine iliyofuata. Wakati ule nilikuwa darasa la tatu, na mdogo wangu Bakari alikuwa bado ananyonya kidole. Tulikaa Ngamiani, kwenye nyumba ya Bibi mzaa baba, sisi wawili na Mama. Redio kaseti ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama bibi harusi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa hata kwa kuifuta vumbi.

Kuisikiliza kanda ya Baba hakukuwa jambo la kubonyeza tu. Ilikuwa kila Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri. Mama alioga, akavaa gauni lake la kutokea, akafukiza udi. Bibi alijitanda kanga vizuri kana kwamba mwanawe ataingia mlangoni. Kahawa ilimiminwa, na kikombe cha Baba kiliwekwa karibu na redio, pamoja na sahani ya bajia na visheti. Sisi watoto tulikalishwa mkekani, miguu imekunjwa, na atakayecheka atatoka nje. Ndipo Mama akabonyeza.

Baba alikuwa mtu wa adabu hata kwa mashine. Akisema "Shikamoo, Mama," alinyamaza. Alimwachia mama yake nafasi ya kuitikia. Bibi alijisogeza mbele, akasema "Marahaba, mwanangu, hujambo huko?" na kabla hajafunga mdomo Baba akaendelea: "Mimi sijambo, namshukuru Mungu." Mara zote ilikaa sawasawa. Akiuliza habari za nyumba inayovuja, alinyamaza, na Mama akamweleza mambo ya bati. Akiuliza habari za shule, alinyamaza, nami nikamwambia nimekuwa wa ngapi. Majirani waliokuja kusikiliza walitoka wakitikisa kichwa. Walisema wameona watu wengi wakiongea na redio, lakini hawajaona redio inayosubiri kujibiwa.

Baada ya salamu, Baba alisema maneno ambayo nayajua kama Alhamdu: "Sasa kanda bado ina nafasi, na si vizuri kuirudisha tupu. Mtoto wa mwenye nyumba ana santuri ya bendi yao moja, anaipiga kutwa kucha. Nitawawekea ili mkae nami kidogo. Wimbo wenyewe ni mrefu, Mama, usiogope."

Kweli ulikuwa mrefu. Nyimbo tulizozijua sisi ziliisha mtu akiwa hajamaliza kitumbua. Huu ulianza na kinanda kikubwa kama cha kanisani, likaja gitaa, likaondoka, zikaja ngoma zikipigwa na mtu ambaye Bibi alisema bila shaka amedhulumiwa. Halafu filimbi. Halafu mwimbaji mwenye sauti nyembamba, analalamika jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelielewa. "Huyu jino linamuuma," Bibi aliamua, na tangu siku hiyo tulimwita Bwana Jino. Kila ukidhani wamemaliza, walikuwa wanapumzika tu. Baadaye sana ndiyo nilijua kwamba zama zile palikuwa na bendi nyingi za Kiingereza za aina hiyo, ambazo ziliona aibu kutoa wimbo usiojaza upande mzima wa santuri.

Lakini sisi hatukuwa tunasikiliza bendi. Baba aliirekodi kwa kuiweka redio kaseti yake chumbani karibu na gramafoni, kwa hiyo kila kilichokuwa chumbani kiliingia. Palikuwa na kiti chake. Palikuwa na kikohozi chake, kikavu, mara mbili mbili. Palikuwa na ndara zake zikienda na kurudi. Na katikati ya wimbo, pale wote waliponyamaza na filimbi ikabaki peke yake, birika lilipiga mluzi. Lilipiga mluzi mrefu, likaondolewa motoni, kikasikika kijiko ndani ya kikombe. Bibi alisema, "Haya, chai imechemka," na hapo ndipo na sisi tuliruhusiwa kuanza bajia.

Mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba birika ni ala ya bendi ile. Niliamini Waingereza wana mtu kazi yake ni hiyo, anakaa nyuma ya wenzake na jiko lake anasubiri zamu. Nilimweleza hivyo mwalimu wetu mbele ya darasa zima, na alipocheka nilimwambia Baba yangu yuko Landani, yeye yuko Tanga, kwa hiyo hawezi kujua. Fimbo niliyopata siku ile naikumbuka mpaka leo, na bado naona nilikuwa na haki.

Jioni tukichoka rede na kombolela tulicheza Bendi ya Baba. Jina lao halisi lilikuwa refu na la Kizungu, mtaani hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo kwetu walikuwa Bendi ya Baba na hapa nitawaita hivyo hivyo. Ngoma zilikuwa madebe ya mafuta ya taa. Gitaa lilikuwa ufagio wa chelewa. Mpiga filimbi alipuliza bua la mpapai. Kila mtoto alitaka kuwa birika, kwa sababu birika lilikuwa na zamu ya peke yake wakati wengine wote wamenyamaza, na kila siku birika nilikuwa mimi, maana Baba alikuwa wangu. Siku hizi ukimwambia mtoto acheze na debe anakutazama kama umemtukana.

Karibu na mwisho wa kanda muziki ulipungua, kinanda kikabaki peke yake kinapanda taratibu. Hapo Baba alirudi, akasogea karibu kabisa, akaongea juu ya muziki.

"Basi jamani, kanda inakwisha. Mama, shikamoo tena." Akanyamaza, Bibi akaitikia. "Mama Zuhura, jitunze, na watoto nimekuachia." Akanyamaza, Mama akarekebisha kanga yake. "Bakari, mwanamume wangu!" Akanyamaza.

Hapo sebule nzima ilimgeukia Bakari. Mama alimminya paja: "Haya sema, sema shikamoo Baba." Bakari alitoa macho, kidole mdomoni, akitazama kitambaa cha spika kana kwamba mtu atatokea humo. Nafasi ikapita. Baba akasema, "Marahaba, mwanangu. Mtii mama yako." Wote tukacheka. Kila Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo. Marahaba ilifika na shikamoo haijatoka.

Halafu zamu yangu. "Zuhura, wewe nimekuweka mwisho kwa sababu..."

Tap. Kanda ilikuwa imekwisha. Mimi na shikamoo yangu mdomoni, tayari, na wimbo wa watu haujafika mwisho.

Kwa sababu gani? Nilimuuliza Mama, akasema kwa sababu wewe ni mkubwa. Nilimuuliza Bibi, akasema kwa sababu unachelewa kuamka. Mwenyewe niliamua kuna viatu vyekundu amenunua na hakutaka Bakari asikie. Nilijiambia akirudi nitamuuliza, na nikawa na hamu ya jibu hilo kuliko hata viatu.

Hakurudi. Masika hayajaanza, ikaja simu ya maandishi posta. Kifua kilimzidi wakati wa baridi, na walimzika huko huko. Mtu wa meli alituletea sanduku lake: makoti ambayo Tanga hayana kazi, ndara zake, na ile santuri, zawadi ya mtoto wa mwenye nyumba. Jalada lake lilikuwa na picha ya nyumba iliyokaa juu ya mgongo wa kobe, na angani miezi miwili. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akasema ndiyo maana watu wale walikuwa wanalia, nyumba yao inatembea. Tulilitundika ukutani. Santuri yenyewe hatukuwa na gramafoni ya kuipigia, Bibi akafunikia mtungi wa maji, na jua la uani likaikunja kama chapati.

Kanda tukaendelea kuisikiliza. Sasa ilikuwa siku za Idi tu, ili isichakae. Udi ulifukizwa, kahawa ikamiminwa, Bibi akaitikia shikamoo ya mwanawe aliyekufa, na mtu asituone wajinga. Alisema, "Mradi ananiuliza, nitamjibu."

Bakari alipofika umri wa wazimu wa mpira, timu ya mjini kwetu iliingia fainali na mechi ikatangazwa redioni. Alitaka kuihifadhi. Kanda ya Baba ilikuwa imevunjwa kile kijino cha plastiki ili isiweze kufutika, na yeye, fundi mtoto wa fundi, alijua kwamba ukiziba tundu lile kwa karatasi kaseti inakubali kurekodi. Hakuangalia ni kanda gani. Idi iliyofuata tumekaa wote, udi unanukia, Mama akabonyeza, na mtangazaji wa mpira akaturukia na goli.

Bakari alijificha uvunguni mpaka Magharibi. Hakuna aliyempiga. Mama alizima redio, akairudishia kitambaa chake, akasema, "Haya. Amemaliza kusema." Halikusemwa lingine, si siku ile wala baadaye. Nadhani angechapwa angepona mapema zaidi.

Wazee wetu wamekwenda zao, mmoja baada ya mwingine, na sauti ya Baba ikabaki mahali pamoja tu, kichwani kwangu. Ninaposema sauti simaanishi maneno peke yake. Namaanisha anavyovuta ile "marahabaa" kwa chini, anavyopumua kabla ya kutaja jina langu. Na haiko peke yake. Iko ndani ya wimbo ule, na kikohozi na birika, kama ilivyokuwa kwenye kanda. Siwezi kumtoa Baba humo nikamweka pembeni.

Nilipokuja Landani kusomea unesi, Ijumaa ya kwanza nilikwenda kaburini kwa Baba. Ijumaa ya pili niliona tangazo la Bendi ya Baba kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Nilikimbilia karibu. Nilitegemea kuona wazee wa kobe na miezi miwili, nikakuta vijana wenye nywele zilizosimama kama brashi na makoti yenye mabega ya bondia. Ndio wale wale. Fasheni ilikuwa imebadilika, nao wakakata nywele na wakakata nyimbo, zikawa fupi za kuchezeka. Niliona aibu kwa niaba yao, kama mtu anayemkuta shangazi yake disko.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafuatilia kwenye magazeti kama ndugu wasionijua. Bwana Jino aligombana na wenzake akatoka, akaletwa mwingine mwenye sauti kama yake, kisha naye akatoka na Bwana Jino akarudi. Mpiga ngoma alikwenda kufuga kondoo. Walishtakiana mahakamani kugombea jina. Walipatana. Mmoja akafa, wakamtolea santuri, nyimbo zikarefuka tena, na vijana wa vyuo wakaanza kuwapenda kwa sababu baba zao waliwapenda. Walibadilishana watu mpaka wa mwanzo akabaki mmoja, yule wa kinanda. Na waliaga! Waliaga mara nyingi kuliko mgeni wa Kitanga, ambaye anasimama kuondoka, anaaga mlangoni, anaaga uani, anaaga barabarani, na bado unamkuta amekaa.

Nilisoma yote hayo lakini wimbo ule sikuusikiliza hata mara moja. Niliwahi kukutana na kobe wetu kwenye duka la mitumba Woolwich, nikalishika jalada, nikalirudisha mahali pake. Niliogopa. Nilijua kanda inavyofutika. Bakari hakumfuta Baba kwa makusudi. Aliweka sauti mpya juu ya ya zamani, basi. Nikiusikia wimbo ule safi, bila kikohozi na bila birika, nani ananihakikishia kwamba kichwani kwangu hautarekodiwa juu ya ule wetu?

Idris haelewi kitu kama hicho. Siku moja nilipomsimulia alitoa simu papo hapo. "Mum, it's right here. Dakika ishirini na tatu? Is that a song or a film?" Kidole chake kilikuwa kinashuka kubonyeza nikamnyang'anya simu kwa nguvu ambazo sikujua ninazo bado. Watoto wa siku hizi hawana kisichopatikana, ndiyo maana hawaogopi kukipoteza.

Bakari naye yuko huku Uingereza, anaishi Leicester, ni dereva wa basi, ana kipara na wajukuu. Ana tabia moja ambayo inawachekesha watu wote. Mtoto akimpa shikamoo, yeye huitikia "poa". Mwanamume wa umri wake! Harusini, msibani, kwa watoto wa shule, yeye ni "poa, mambo". Watu wanasema Bakari anaukimbia uzee. Mimi ni dada yake na nilijua ni marahaba ya nani anayoikimbia, lakini sikuwahi kumwambia.

Mwaka huu alinipigia simu.

"Dada, Bendi ya Baba inaaga."

"Wameaga lini wakaondoka?"

"Safari hii kweli. Yule mzee wa kinanda vidole vimekataa. Wanapiga hapo hapo kwenu, Jumapili, na wanaupiga wote ule mrefu. Tiketi nimeshakata mbili."

Nilimwambia aende na mkewe. Akauliza kwa nini. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, hofu yangu ya kufutika. Nilichagua maneno nisije nikamchoma, lakini kufuta ni kufuta, hakuna neno lake la upole.

"Dada," akasema, "wewe una sauti yake. Mimi nina goli tu."

Nilimwambia nitakwenda.

Onyesho lilikuwa la mchana, maana wapigaji na wasikilizaji wote sasa ni watu wa kulala mapema. Foleni ya ukumbini ilikuwa ya mvi na mikongojo, na foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya mlangoni. Nilibeba bajia kwenye kopo. Mlangoni mama mmoja wa Kikongo mwenye koti la usalama alilifungua akanusa. "Mama, munabeba nini hapa?" Nikamwambia bajia, mwanangu, bila hizi wimbo hauliki. Akacheka, akachukua mbili, akatupitisha.

Walipiga nyimbo zao nyingine kwanza, sikumbuki hata moja. Halafu mzee wa kinanda alisaidiwa kukaa vizuri, taa zikapungua, na sauti ile ya kanisani ikaanza. Jamani. Ilikuwa kubwa, ilikuwa pana, ilitoka pande zote, wakati mimi niliijua ikitokea kwenye spika ndogo kama sahani ya chai. Bakari alinishika mkono. Ngoma za mtu aliyedhulumiwa zikaja, sasa zinapigwa na kijana ambaye siku zile hakuwa amezaliwa. Bwana Jino hayupo tena, aliimba mwingine. Nikasikiliza kwa masikio yangu ya darasa la tatu, natafuta kiti, natafuta ndara, natafuta kikohozi.

Filimbi ikabaki peke yake. Nikasubiri. Najua mnanicheka, mwanamke mzima, nesi mstaafu, lakini nilisubiri birika. Nilifungua kopo la bajia kabisa. Filimbi ikapiga, ikapiga, na pale penye mluzi pakapita hivi hivi, safi, bila kitu. Watu elfu wamekaa na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba chai haikuchemka. Hapo nililia. Nilihisi Baba ananyanyuka kwenye kiti chake ndani ya kichwa changu na kuondoka, na sikujua nimshike wapi.

Ngoma zikarudi, zikafoka, zikatulia. Kinanda kikabaki peke yake, kikaanza kupanda taratibu. Na mdomo wangu ukafunguka kabla sijaamua. Nilimsogelea Bakari, mdomo kwa sikio, nikasema kwa vituo vile vile vya Baba, palepale panapotakiwa:

"Basi jamani, kanda inakwisha. Mama, shikamoo tena."

Nikanyamaza. Nikamwachia Bibi nafasi yake.

"Mama Zuhura, jitunze, na watoto nimekuachia."

Nikanyamaza. Bakari akanigeukia.

"Bakari, mwanamume wangu!"

Nikanyamaza. Kinanda kilipanda ngazi moja, na nyingine. Niliona midomo yake inacheza, nikaona mkono unakwenda mdomoni na kurudi. Nafasi ile ni fupi, ninaijua, na nilitamani kuirefusha lakini muziki haungoji mtu.

"Shikamoo, Baba," akasema mdogo wangu.

"Marahaba, mwanangu. Mtii mama yako."

Alijiinamia magotini, mabega yanatikisika. Mzungu mmoja mzee wa upande wa pili alimpiga piga mgongoni, naye pia analia, kwa sababu zake. Mimi nilikuwa sijamaliza. "Zuhura," nikasema, "wewe nimekuweka mwisho kwa sababu..." Nikaishia hapo, maana kanda iliishia hapo.

Wimbo haukuishia. Baada ya maisha yangu yote nikausikia ukiendelea. Nilidhani mbele kuna jambo kubwa, kumbe kinanda kilipanda kidogo tu, wakaingia wengine wote taratibu, wakakaa pamoja kwenye sauti moja, wakaiacha ipungue mpaka ikaisha. Palikuwa na ukimya kabla watu hawajapiga makofi. Shikamoo yangu niliitoa hapo.

Tulitoka jua bado lipo, tukatembea kando ya mto kuelekea kituoni, tunakula bajia zilizopoa. Nilimwambia Bakari kwamba siku zile neno moja la mtu lilikuwa linakula miezi kufika, na likifika linakuta nyumba nzima imeoga. Leo ninamwona mwanangu usoni kwenye simu wakati wowote nikitaka, naona hata pua yake, na tukimaliza sikumbuki tulichosema. Zamani tulikuwa na kanda moja ya mtu mmoja. Sasa tuna sauti za watu wote, na hakuna anayetuachia nafasi ya kuitikia. Bakari alisema, "Na birika je?" Nikajisikiliza kichwani, kwa hofu. Lilikuwepo. Lilipiga mluzi, likaondolewa motoni.

Simu ikalia, ni Idris, uso wake umejaa kiooni. "Hi Mum! How was it?" Nikampa mjomba wake aongee naye.

"Hi, Uncle!"

Bakari hakujibu. Alimtazama tu mtoto, kwa upole, akanyamaza. Idris akadhani mtandao umekwama, akasogeza uso, akaitikisa simu. Bakari akazidi kumsubiri. Mwisho kijana akatabasamu kwa aibu.

"Oh. Shikamoo, Mjomba."

"Marahabaa, mwanangu," akasema Bakari, kwa chini, ameivuta, na mimi nikasimama pale pale njiani nimeshika kopo langu, kwa sababu sauti ile ilikuwa naye siku zote.